Usiiachie Njaa Dawa Yako

Kalembe, siku moja kabla hujaondoka

Amani wangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya na mvua imekuzuia huko. Naisikia inavyopiga mabati. Afadhali. Inanipa nafasi ya kukuandikia bila wewe kunitazama. Tangu asubuhi vitu vinaniponyoka. Nimevunja kikombe, nimemwaga maharagi chini, na uliponiuliza nina nini nikajibu ni baridi. Haikuwa baridi. Ninaogopa, mwanangu, na woga huu siwezi kuusema kwa mdomo, maana kila nikianza habari ya chakula na dawa unacheka, unasema, "Mama, tena?", kisha unasimama kutafuta kofia yako. Barua huwezi kuikatiza.

Sitaandika habari ya blanketi wala ya buti. Hizo umeshazifunga mwenyewe. Sitaandika pia habari ya vilima vya machimbo ya Rubaya unakokwenda, vinavyobomoka mvua ikizidi, wala ya watu wenye bunduki njiani. Hayo yananinyima pumzi, lakini hayako mikononi mwangu wala mwako. Mungu ndiye ninayemwachia, nikimwachia vibaya, kwa kurudi kila saa kuangalia kama bado ameyashika. Nitaandika juu ya kile kinachopita mdomoni mwako kila siku, kwa sababu hapo angalau mkono ni wako.

Jumapili iliyopita nilikuwa nyuma ya jiko nachambua sombe, majani ya mhogo. Wewe na rafiki yako mlikuwa mmekaa mbele ya nyumba mkizungumza habari ya safari yako. Yeye anaijua hali yako, na namshukuru Mungu kwamba kuna kijana mmoja wa rika lako anayeijua na bado anakunywa maji kwenye kikombe chako. Alikuuliza utafanyaje na dawa huko machimboni, ambako watu wengi wanalala katika hema moja. Nikakusikia ukimjibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua:

"Nitakuwa nameza siku yenye nimekula muzuri. Siku ya njaa naacha. Tumbo ikiwa tupu, dawa inanichafua roho, na mukichwa kuko muzigo. Siwezi kutapika na muzigo."

Nilibaki na majani mkononi. Nilitaka kutoka nikugombeze, nikaendelea kuchambua. Maneno yale nilikuwa ninayajua. Niliyasema mimi mwenyewe, karibu hivyo hivyo, katika njia ya kwenda Itebero, wewe ukiwa mgongoni mwangu.

Hadithi ya njia ile huijui yote. Unajua tulikimbia, unajua tulikaa Itebero, na unachokumbuka zaidi ni yule mbwa wa wawindaji mwenye kengele ya mti shingoni. Mengine nilikuficha. Nilijiambia ulikuwa mdogo, kisha nikajiambia una mitihani, kisha nikazoea. Leo sina tena kisingizio cha kujipa.

Lazima nianze na papa yako, kwa sababu woga wangu wa chakula ulianzia kwake.

Papa yako alikuwa mtu wa ng'ombe. Alizaliwa kule juu kwenye malisho, na kwake siku bila maziwa haikuwa siku. Alikuwa na kifua kipana na alipenda kucheka akiwa anakamua, hata ng'ombe walimzoea hivyo. Mimi nikienda kukamua kimya walinipiga teke. Wewe ulipokuwa bado unanyonya alianza kuharisha na kukohoa, na mwili ukaanza kumtoka. Hakutaka kwenda kupima. Alikwenda kwa mtu mmoja wa dawa za miti, na mtu yule akamwambia ugonjwa wake unakula pamoja naye sahani moja: kila akila mafuta, ugonjwa unanenepa, akila chumvi, nyama, maharagi, ugonjwa unapata nguvu. Aache vyote, na maziwa pia. Mwili ukikauka, ugonjwa utakosa mahali pa kukaa na utaondoka wenyewe.

Papa yako alikuwa na moyo mgumu wa kutii. Aliacha vyote. Mimi ndiye niliyempikia viazi vya maji bila chumvi, asubuhi na jioni, na nilipoona anakonda nilifikiri ndiyo dawa inafanya kazi. Sisi tulioonekana na afya tulikuwa tunakunywa maziwa mlangoni na yeye anageuza uso ukutani ili asiyasikie harufu. Akakauka kweli. Ugonjwa haukuondoka, yeye ndiye aliyeondoka. Baada ya kumzika nilikwenda kituo cha afya pamoja nawe, wakatupima sote wawili, na hapo ndipo nilipojua jina la kile kilichokuwa nyumbani mwetu. Muganga wa kituo aliniuliza mgonjwa alikuwa anakula nini. Nilipomwambia, aliweka kalamu chini, akasema kwamba mwili wenye virusi unatumia nguvu nyingi kuliko mwili mwingine, ndiyo maana si haki kuunyima chakula.

Tangu siku ile nilikuwa mama wa maziwa. Nilikujaza maziwa kama mtu anayejaza bido ya maji. Niliyachemsha mpaka yapande, nikayapoza, nikakupa. Ulimeza dawa yako ya asubuhi na ya jioni ukiwa umeshiba, na ulikuwa na mashavu. Watu wa kanisa walikuwa wanakubana mashavu hayo na mimi nilikuwa nasimama pembeni najivuna kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha vita vikapanda mpaka kwetu. Ng'ombe walichukuliwa alasiri moja, wote, na kesho yake kijiji kizima kikaingia njiani. Sisi tulifuata watu waliokuwa wanashuka upande wa Walikale, kwenye misitu, kwa sababu upande mwingine ndiko milio ilikotoka. Nilichukua sufuria, kitenge, Biblia ya papa yako, na dawa zetu nikazifunga ndani ya kitambaa tumboni. Chakula sikuchukua. Hakikuwapo cha kuchukua.

Mwanzoni nilikupa dawa kama kawaida. Tulikuwa tunakula tunachookota: mhogo wa mtu, ndizi mbichi, mara nyingine hakuna. Ulimeza na kutapika. Ulimeza tena, ukatapika tena, na safari hii ulinishika shingo ukaniambia, "Mama, inanichoma." Palikuwa na mama mmoja akitembea nasi. Aliona, hakuuliza ni dawa gani, akasema tu kwamba dawa kali katika tumbo tupu inaunguza matumbo ya mtoto. Nikamwamini. Nilitaka kumwamini, maana nilikuwa siwezi tena kukuona ukitapika kile kidogo ulichokula.

Nikaamua tungoje. Nilisema, "Tukipata chakula cha kweli, nitaanza tena." Na zangu pia nikaziacha, niliona si haki mimi nimeze na wewe usimeze.

Hapa ndipo ninapotaka unisikie, Amani. Chakula kilipatikana. Si kingi, lakini kilipatikana, leo kipande cha mhogo, kesho ndizi za makemba za kuchoma. Ila kila kilipopatikana mimi niliona si cha kutosha. Nilikuwa nangoja sahani ile ya nyumbani, yenye maziwa pembeni. Njaa haikuja kuniambia, "Acha dawa." Iliniambia, "Ngoja kidogo." Nikangoja, tukaendelea kutembea chini ya miti, na siku zikapita juu yetu bila mimi kuzihesabu.

Tulipofika Itebero ulikuwa hutembei tena. Mama Furaha, mke wa mwindaji mmoja wa kule, alitukuta tumekaa kando ya nyumba yake na akatuingiza jikoni kwake. Hakuuliza kabila wala njia tuliyopita. Aliweka mbele yetu bugali wa mihogo na mbinzo, vile viwavi vya msituni, vimekaangwa katika mafuta ya mawese na vinang'aa.

Unajua nilifanya nini? Nilikataa. Kwetu kule juu tulikuwa tunawacheka watu wa msituni kwa ajili ya chakula hicho. Nilisema kwa heshima kwamba sisi tumezoea maziwa, kama anayo kidogo ya mtoto. Katika nchi ambayo hakuna ng'ombe hata mmoja! Watoto wake walitazamana. Yeye hakukasirika. Aliondoa sahani, akaleta bugali mtupu, nikakulisha huo na chumvi.

Tukaishi hivyo. Midomo yako ilijaa vidonda vyeupe na ukawa unalia hata maji yakipita. Mbavu zako zilikuwa zinaonekana kutoka mlangoni. Na mimi nilikaa pale na dawa nilizozifunga tumboni ndani ya kitambaa, nikingoja chakula cha kweli, katika nyumba yenye karanga, uyoga, samaki wa moshi, mboga za lengalenga nyuma ya ukuta na mbinzo kitunga kizima. Nikikumbuka hilo, hata leo, najisikia kutaka kukimbia nje.

Mama Furaha ndiye aliyezigundua. Nilikuwa nimeoga mtoni, kitambaa nimekianika juu ya moto, na yeye alipokigeuza kisiungue dawa zikaanguka. Alizishika mkononi akanitazama. Nilifikiri tumekwisha. Nilikuwa nimeona watu wakifukuzwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Aliniuliza ni za nani, nikamwambia ni zetu wawili, na nikalitaja jina la ugonjwa, maana nilikuwa nimechoka kiasi cha kutoweza kusema uongo. Akauliza kwa nini sikupi.

"Hajakula muzuri," nilisema. "Nangoja ale kwanza."

Akakaa chini mbele yangu. Nakumbuka sauti yake haikupanda kabisa.

"Mama Amani, huyu mutoto iko anakufa, na wewe uko unachagua chakula."

Alisema hivyo tu. Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona mtu akifanya, na ninakuandikia ili ujue kilifanyika kwa ajili yako. Ilikuwa saa ya kula. Aliwaita watoto wake, wakakaa kuzunguka sinia yao moja, akakubeba akakuweka katikati yao, bega kwa bega na mwanawe mdogo. Kwa ajili ya vidonda vyako alisaga mbinzo pamoja na karanga zikawa laini kama uji, akapoza, hakutia pilipili, na akakulisha kwa kidole chake mwenyewe. Kidole kilekile akakirudisha kwenye sinia akala. Hakunitazama mimi. Hakuwa ananifundisha kitu. Alikuwa na watoto wa kulisha.

Uliramba kidole chake. Mimi nilitoka nje, nikalia kwa aibu, kisha njaa ikanirudisha ndani nikala mbinzo. Zina utamu wa karanga, na nilichukia kwamba ni tamu.

Asubuhi alitusindikiza kwenye kituo cha afya, safari ya miguu, akikubeba zamu kwa zamu nami. Muganga wa pale alikuwa kijana, amechoka, macho mekundu. Nilimweleza kila kitu nikitegemea anigombeze. Alikupima kilo, akakufungua mdomo, akakupa dawa ya vidonda na mifuko ya lishe ya karanga iliyosagwa, ile uliyokuwa ukiinyonya ukilala. Kuhusu dawa alisema hivi, na nimeyashika maneno yake mpaka leo: "Mama, njaa ni mubaya, lakini inaondoka siku chakula inafika. Ukiacha dawa, virusi vinaamuka na vinaweza kuizoea, na hapo hata chakula haitakusaidia. Meza na chakula kama iko. Kama haiko, meza tu. Na kama roho inachafuka sana, kuja unielezee mimi. Usiamue peke yako."

Kule kuamua peke yangu ndiko kulikotaka kukuua, Amani, kuliko hata njaa yenyewe. Nilikuwa na woga, na mwenye woga anapenda kujifungia na woga wake na kushauriana nao.

Ulipona polepole. Haikuwa kama katika mahubiri, mtu anasimama mara moja na kubeba godoro. Wiki hii unakula, wiki ijayo unaharisha na kurudi nyuma, na mimi kila ukienda chooni nilikufuata. Mama Furaha aliniambia niache kukufuata. Alikupa kidogo kidogo, mara nyingi, mara kipande cha kiazi, mara ndizi, mara samaki aliyepondwa, mkono wake ukipita tu karibu nawe kana kwamba ni kwa bahati. Wanaume wa ukoo wa mume wake walikuwa na nyama ambayo kwa desturi zao za zamani mwanamke hagusi. Aliwaomba kipande kwa ajili yako na wakatoa, wakaja kukaa kukutazama ukila. Siku uliyotembea mwenyewe mpaka kwa yule mbwa mwenye kengele, ukamshika mkia na akakuburuta, kila mtu alicheka isipokuwa mimi. Nilikuwa nimesahau namna.

Ungefikiri baada ya hapo nilikuwa nimejifunza. Nilijifunza jambo moja, nikaanguka kwa lingine.

Vita vilipotulia tulirudi upande huu, tukakaa kwa mjomba wako, kaka yangu. Unajua nilikwisha kumsamehe, kwa hiyo usimchukie kwa nitakachosema. Nilimwambia hali yetu nikiwaza kwamba damu ni damu. Kesho yake mke wake alikuletea sahani ya bati yenye alama nyekundu chini, na kijiko chake, na akaonyesha mahali pa kukaa, karibu na mlango. Chakula kilikuwa kizuri: maharagi, lengalenga, hata maziwa yalikuwapo. Watoto wao walikula pamoja, na wewe ulikula mlangoni na kuku.

Mimi niliona. Nilinyamaza kwa sababu nyumba ilikuwa yao na mvua ilikuwa imeanza. Nilijiambia cha muhimu ni kile kilichomo ndani ya sahani. Ulianza kusema umeshiba. Kila siku ulisema mapema zaidi, "Nimeshiba, Mama, nimeshiba." Uliwamwagia kuku maharagi yako na wakanenepa. Nilikupeleka kupima kilo nikiogopa dawa imeshindwa, na yule muganga wa kituo chetu akauliza maswali yote ya tumbo, homa, kikohozi, hakuna. Mwishowe akakuuliza wewe mwenyewe kwa nini huli. Ukamjibu ukitazama miguu yako, "Sipendi ile sahani."

Jioni ile, walipokuletea sahani yako, niliinuka nikakaa nawe mlangoni. Niliichukua mapajani nikaanza kula humo, wewe mkono wako, mimi mkono wangu. Kaka yangu aliita jina langu mara moja, nami sikugeuka. Nilimega tonge jingine, nikala. Haikupita muda tukahamia hapa, kwenye nyumba hii inayovuja, na hapa hatujawahi kuwa na sahani ya mtu mmoja.

Ndiyo maana hema lile la Rubaya linanitisha kuliko shimo. Najua namna mtu anavyoacha kula akiwa mbele ya chakula. Utakuwa katikati ya wanaume wanaopiga kelele, utataka kuwa kama wao, na wao wakirudi kutoka kubeba mizigo wanakunywa kanyanga, pombe ile kali, kwanza, halafu hawana tena hamu ya bugali. Utasema ni leo tu. Utaficha dawa ndani ya soksi, na siku mtu akikaa karibu nawe hutaimeza, utangoja alale, na wewe ndiye utakayelala kwanza kwa uchovu. Nayaona haya yote kama mtu anayetazama sinema. Sijui nitayaonaje yasipotokea.

Sikuambii usiende. Nilikwambia mwezi uliopita na ukanijibu kwa upole kwamba shamba letu haliendeki tena, kwamba ng'ombe hawatarudi, na kwamba mwanaume mzima hawezi kukaa akilindwa kama yai. Ulisema kweli. Yule muganga wa kituo chetu alikutazama vipimo akasema virusi vyako vimelala, mwili wako una nguvu, unaweza kufanya kazi kama mwingine, ila kazi nzito inataka chakula kizito. Nilimwona akisita aliposema hilo. Anaijua Rubaya.

Basi nakuomba, si kama mama anayejua, bali kama mtu aliyewahi kukosea njia hiyohiyo. Siku ambayo hakuna kitu, na siku hiyo itakuja, meza hivyo hivyo. Ukitapika, nenda kituo cha afya cha huko ukawaambie, hata ukipoteza siku ya kazi. Usingoje sahani ya nyumbani. Rubaya kuna watu wanaouza maharagi yaliyochemshwa, viazi, samaki wadogo wa sambaza waliokauka, parachichi. Kule juu kuna maziwa, na wewe ni mwana wa mtu wa ng'ombe, hutakosa wa kukuchemshia. Ukiletewa kitu ambacho hujawahi kula, mkumbuke mama yako na majivuno yake kule Itebero, ufungue mdomo. Na utafute mtu mmoja katika hema lile wa kula naye. Si lazima umwambie kila kitu. Ale nawe tu.

Ukikonda, rudi. Ukianza kukohoa na haiishi, rudi. Usingoje upate kitu cha kuniletea. Hiyo nayo ni "ngoja kidogo," Amani, nami nimeshaisikia sauti yake. Rudi mikono mitupu, rudi usiku, rudi umekasirika. Mlango huu hauna komeo zuri, unaujua.

Kuna mtu atakuja kukwambia ana dawa ya kumaliza kabisa. Au mtu wa maombi atakwambia ufunge chakula na uache vidonge ili kuonyesha imani. Mimi ninaomba kila siku, wewe unajua, magoti yangu yana alama. Lakini nimemwona mtu akikauka kwa kutii. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Mvua imepungua. Nimeandika mengi kuliko nilivyofikiri, na woga haukupungua kama nilivyotegemea. Nilidhani nikiuweka wote kwenye karatasi nitabaki mwepesi. Umebaki palepale, chini ya kifua. Huenda ndivyo ulivyo. Huenda hata Mama Furaha aliogopa siku ile, alipokiweka kidole chake mdomoni mwako, na akala akiwa anaogopa.

Umefika. Nimekusikia ukiingia jikoni, umefunua sufuria. Umeuliza kutoka huko, na sauti yako ni ya papa yako kabisa:

"Mama, umekula?"

Sijala. Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni, na dawa yangu ya leo bado iko kwenye pakiti yake. Nilikuwa najiambia ningoje kwanza nimalize kukuandikia. Sasa umeuliza tena, na nasikia unapakua sahani moja kwa ajili yetu wawili.

Naacha hapa. Kesho utaisoma njiani. Ninakuja kula, mwanangu. Ninaogopa, na ninakuja kula.

Mama